Mteja wa Tatu wa Fremu Kumi na Saba

Kila Jumanne saa moja asubuhi, Redio alikuwa ameshabandika. Jina hilo alipewa na watu wa kata, na lilimkaa hadi mhasibu wa halmashauri aliwahi kuliandika juu ya bahasha yake bila kufikiri mara mbili. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za wiki na kuzitundika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, karatasi moja ndefu yenye mhuri wa bluu pembeni. Juu yaliandikwa Matukio: siku ya kuzibua mitaro, chanjo ya mbwa na paka kwenye uwanja wa shule, mechi ya maveterani dhidi ya walimu, iliyokuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu kipa wa maveterani alikuwa anamwoza binti yake, kisha akawa anaumwa mgongo. Chini ziliandikwa Biashara: nani amefungua, nani amehama, nani amefunga.

Watu walianza kusoma huko chini. Usidhani ni umbea tu, ingawa umbea nao ulikuwemo wa kutosha. Fremu zote za maduka ya mtaa wa soko ni mali ya halmashauri, na wanaozisubiri ni wengi. Fremu ikiandikwa "imefungwa", zinahesabiwa siku saba tangu karatasi ibandikwe. Ya saba ikiisha bila pingamizi, saa kumi jioni ofisi inapofungwa, fremu inakwenda kwa aliye wa kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo Redio alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo, na tuseme ukweli, hakuuchukia woga huo.

Kuandika "imefungwa" kulikuwa na kanuni yake. Mlango ukutwe umefungwa Jumatatu tatu mfululizo, saa za kazi. Redio alizunguka mtaa kila Jumatatu na daftari lake, akapita kila mlango. Hakupenda kukaa. Kiti chake ofisini kilikuwa na miaka kumi na tisa na bado kilionekana kipya, na mkewe alishazoea kumwekea chakula akamkuta anakula amesimama dirishani, akitazama nani anapita na nani hapiti.

"Mimi habari nazifuata kwa miguu," alipenda kusema. "Miaka kumi na tisa, sijakosea hata fremu moja."

Aliyasema maneno hayo tena Jumanne ile, akisimama na muuza chai mbele ya ubao, wino wa mhuri ukiwa bado haujakauka. Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: Fremu namba 17, ushonaji, imefungwa.

Fremu namba 17 ilikuwa ya shemeji yake.

Hapa itabidi turudi nyuma kidogo. Kaka yake mkubwa Redio alikuwa fundi cherehani, yeye na mkewe wakishona pamoja katika fremu hiyo, mashine mbili zikitazamana. Miaka miwili iliyopita kaka aliugua, akafa. Baada ya msiba familia ilikaa kikao, na baba mkubwa, ambaye akianza kusema hakuna wa kumkatisha, akatoa hukumu kwamba fremu ilikuwa imeandikwa jina la marehemu, kwa hiyo apewe mtoto wa binamu anayetafuta pa kuuzia viatu, na mjane akapumzike kwao. Redio alikuwepo kikaoni. Daftari la fremu lilikuwa mikononi mwake kila siku ya Mungu. Alijua, kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile, kwamba kanuni ya halmashauri inampa mjane haki ya kuendelea. Neno moja tu lingemaliza mazungumzo. Shemeji yake alimtazama ng'ambo ya chumba, akisubiri neno hilo. Redio akatazama vidole vya miguu yake mpaka kikao kikaisha.

Mwanamke yule alikwenda ofisini mwenyewe wiki iliyofuata, akaulizia kanuni, akaonyeshwa, akaandikiwa fremu kwa jina lake. Kabla ya kutoka alipita mezani kwa Redio.

"Shemeji," alimwambia, "ulikuwa unaijua."

Hakusema zaidi. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena, na nyumbani kwa Redio jina la shemeji halikutajwa. Kila Jumatatu, akizunguka na daftari, alipofika fremu ya kumi na tano alivuka barabara. Zilizobaki mbili alizitazama kutoka upande wa pili, akarudi tena baada ya kona. Hilo nalo alilifanya kwa miguu, tusimnyime haki yake.

Karibu mwezi mmoja kabla ya Jumanne hiyo, halmashauri ilichimba mtaro wa bomba mbele ya fremu za mwisho. Udongo ukalundikwa mlangoni, vumbi likaingia hadi kwenye vitambaa. Jirani wa kumi na sita aliweka ubao wa kuvukia. Fundi wa kumi na saba, aliyekuwa na sare nyeupe za wauguzi mezani, alifunga mlango wa mbele kabisa, akafungua wa nyuma unaotokea uchochoroni, akaandika kwenye kipande cha boksi, "Pitia nyuma." Boksi hilo lilionekana vizuri ukiwa umesimama ukingoni mwa mtaro. Kutoka upande wa pili wa barabara uliona mlango wa chuma uliofungwa, basi. Jumatatu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Je, hakushtuka? Alishtuka. Usiku wa kuamkia Jumanne alijigeuza kitandani, akajiambia huenda shemeji amehamia kwao, huenda anaumwa, naye angepaswa kuuliza. Kisha akajiambia kanuni ni kanuni. Kanuni ni mahali pazuri pa kujificha mtu asiyetaka kubisha hodi.

Jumatano saa tatu asubuhi fundi alifika ofisini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Watu wawili waliokuwa wakisoma ubao walimpisha. Alisoma mstari wake, akausoma tena, akaingia ndani, akasimama mbele ya Afisa Biashara. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, bosi wa Redio, asiyependa makelele kabla ya chai.

"Samahani, mama," fundi alisema. "Nimekuja kuuliza. Aliyenifunga ni nani?"

Redio alikuwa nyuma ya kabati la mafaili. Alitamani kabati limmeze.

"Kwani hujafunga?" Afisa aliuliza.

"Nimeacha nguo chini ya sindano nikaja hapa. Tangu jana watu wanapiga simu wanataka vitambaa vyao. Mmoja ananiambia pole na safari."

Afisa alimwita Redio kwa jina lake la kitambulisho, na hapo ofisi nzima ikajua mambo yameharibika. Alimuuliza kama alifika fremu ya kumi na saba. Redio akasema alipita. Afisa akauliza tena, alifika au alipita? Redio akatazama daftari lake.

"Nilipita," alisema.

Bandua basi, ungesema wewe. Lakini karatasi yenye mhuri haibanduliwi kabla ya siku saba, hata ikiwa imeandika kwamba jua linachomoza magharibi. Kanuni hiyo ilitungwa zamani, baada ya wakubwa fulani kuzoea kubandua majina ya jamaa zao. Tangazo linafutwa kwa fomu ya ukaguzi tu. Aliyeandika ndiye anayekwenda, anakaa ndani ya fremu, na anashuhudia kwa macho yake wateja watatu wakihudumiwa siku moja. Asiwaite, asiwalete, na yeye mwenyewe asiwe mteja. Fomu ifike mezani kabla ya saa kumi jioni ya siku ya saba.

"Siku ya saba ni Jumatatu," Afisa alisema, akimpa Redio fomu. "Nenda hata sasa hivi."

Fundi alimtazama Redio kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Nitakuwepo," alisema. "Mimi siendi popote."

Redio hakwenda sasa hivi. Jumatano mchana alikumbuka ghafla kwamba orodha ya wanaozibua mitaro haijakamilika. Alhamisi alifika hadi mdomo wa uchochoro, akasikia cherehani ikikimbia ndani, akageuka. Akarudi. Akageuka tena. Mshona viatu aliyekuwa amekaa pale akamuuliza kama amepoteza kitu. Ijumaa ilikuwa chanjo ya mbwa na paka, na hakuna aliyewahi kuhesabu paka kwa bidii kama Redio alivyohesabu siku ile. Nyumbani hakushika hiki wala kile. Alifungua dirisha akalifunga, akaanza kurekebisha kitasa kisichokuwa kibovu mpaka kikawa kibovu.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza.

"Kazi," alisema.

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, akataka kusema kitu, akaacha. Katika nyumba ile mengi yaliishia hapo.

Aliogopa nini? Si maneno makali. Maneno makali yana mwisho. Aliogopa kukaa ndani ya chumba kile, mbele ya mashine ya kaka yake, na yule mwanamke asiseme kitu.

Jumatatu saa mbili asubuhi ilimkuta uchochoroni, kwa kuwa siku nyingine hazikubaki. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Karibu, mkaguzi," fundi alisema bila kuinua kichwa.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Mashati ya wauguzi yalining'inia kwenye waya, nyeupe pe. Mashine ya kaka yake ilikuwa palepale, imefunikwa kitambaa cha maua kilichopigwa pasi. Redio alitazama pembeni. Aliwekewa stuli karibu na pipa la vipande. Alikaa. Baada ya dakika tatu akasimama, akachungulia nje, akakaa, akasimama tena kutazama kama mlango wa mbele kweli haufunguki.

"Kaa," fundi alimwambia. "Fomu imesema ushuhudie. Haikusema uzurure."

Akakaa. Goti moja likaanza kucheza lenyewe.

Saa tatu na nusu aliingia nahodha wa maveterani, amebeba mfuko mtupu. Hakumwona Redio pembeni ya pipa.

"Fundi, pole," alisema. "Nimesoma kwamba umefunga. Nikasema niwahi jezi zetu kabla hazijatawanyika."

"Nimefunga nikiwa wapi, nahodha? Wewe unaongea na nani sasa?"

Nahodha akaangalia cherehani, akaangalia uzi ndani ya sindano, akacheka kwa aibu. Jezi zilikuwa tayari isipokuwa namba ya kipa. Fundi akaishona palepale, na nahodha akaondoka na mzigo kichwani, akiapa kuwaambia wenzake. Redio aliandika kwenye fomu: Mteja wa kwanza, jezi kumi na moja.

Wa pili alikuwa muuza maziwa, zipu ya mkoba wake imeng'oka. Huyo alikuwa anapita tu uchochoroni, hajui kusoma ubao na hana habari na siku saba. Ilikuwa saa tano kasoro.

Kisha hakuja mtu.

Saa sita ikapita. Fundi alimaliza shati, akachukua jingine. Nyayo zilisikika uchochoroni, Redio akanyanyuka nusu, nyayo zikaendelea mbele. Alijua kilichowazuia watu, kwa kuwa alikiandika kwa mkono wake na kukigonga mhuri. Watu wa kata ile walikuwa wanamwamini. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha kwamba Redio akisema pamefungwa, usijisumbue kwenda.

Saa saba mlango wa mbele ulitikiswa kwa nje, kufuli likagonga chuma. Halafu mtu akazunguka nyuma, akaingia na rula ndefu ya seremala. Alikuwa muuza vifuniko vya simu, wa kwanza kwenye orodha.

"Lo! Samahani sana," alisema, akirudi hatua moja. "Nilidhani hakuna mtu. Nilitaka tu kupima ukuta, nijue rafu zitakaa vipi."

"Pima," fundi alisema. "Kupima hakuna shida. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kupima."

Kijana wa watu hakuwa na ubaya, alikuwa amesubiri miaka minne. Aliishika rula yake kwa aibu, akaaga, akatoka. Fundi alirudi kwenye mashine na kukanyaga kwa nguvu, lakini mshono ulikwenda kombo, akalazimika kuufumua. Redio aliutazama mshono ule. Ndipo alipoelewa kwamba mwanamke huyu, aliyemwona shujaa miaka miwili yote, alikuwa anaogopa.

Saa nane. Saa nane na nusu. Redio alisimama, akafungua fomu mkononi.

"Shemeji," alisema, na neno hilo lilitoka limekauka kwa kukosa matumizi. "Ninaandika wa tatu. Ninaandika tu, mwanamke, gauni, basi. Nani atauliza?"

Fundi aliacha kukanyaga.

"Uliandika ambacho hukukiona, nikafungwa," alisema polepole. "Leo tena unataka kuandika ambacho hukukiona, nifunguliwe. Kwako wewe kuona ni kazi ngumu kiasi hicho?"

"Nataka kukusaidia."

"Siku ya kunisaidia ilikuwepo, ikapita. Leo fanya kazi yako tu. Akija mtu, andika. Asipokuja, andika hakuja, nami nitabeba mashine zangu niende. Lakini sitaki kukaa hapa kwa huruma ya uongo wako."

Redio alikaa. Alitaka kutoka, kuzunguka mtaa, kupita mlango kwa mlango akipiga kelele kwamba fremu ya kumi na saba iko wazi, alikosea, njooni. Asiwaite, asiwalete. Hakukuwa na la kufanya ila kukaa, na kukaa ndilo jambo pekee duniani ambalo hakuliweza. Aliikalia mikono yake.

Saa tisa na dakika ishirini mtu aliingia bila hodi, kama aingiavyo mtu mahali anapopazoea.

"Dada, nisamehe, nimekuletea ileile tena," sauti ilisema. "Najua utanicheka, lakini..."

Alikuwa mkewe Redio. Alisimama katikati ya chumba na mfuko wa plastiki mkononi, akamwona mumewe kwenye stuli, amekalia mikono. Mdomo wake ukabaki wazi.

Ni fundi aliyeanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, alichojaribu kukizuia akashindwa.

"Wewe unafanya nini huku?" Redio alimuuliza mkewe.

"Nauliza mimi, wewe unafanya nini huku?"

"Nakagua. Tumeandika kwamba pamefungwa. Iko ubaoni wiki nzima!"

"Ubao wako mimi siusomi," mkewe alisema, akirudiwa na ujasiri. "Nakusikia nyumbani, inatosha. Pamefungwa? Nilikuwa hapa wiki mbili zilizopita. Na mwezi juzi. Miaka miwili nakuja hapa, kila nguo ya nyumba yetu inapita hapa. Ulitaka nipeleke wapi, kwa mtu baki?"

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ungeuliza ningekwambia."

Alifungua mfuko, akatoa suruali ya kijivu, akaiweka mezani. Redio aliijua. Ilikuwa yake, ya kuvaa siku za mikutano.

"Kiuno," mkewe alimwambia fundi, sauti imeshuka. "Tena."

Fundi aliichukua, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma. Akachukua chaki, akaweka alama, akakata uzi wa zamani kwa wembe. Redio alitazama kwa macho yake mwenyewe, kama fomu ilivyotaka. Saa ilikuwa tisa na dakika thelathini na tano. Akaandika, na safari hii alisoma kila neno kabla ya kuliacha: Mteja wa tatu, mke wa mkaguzi, ameleta suruali ya mkaguzi kupunguzwa kiuno. Mkaguzi hakumwita na hakujua. Chini kulikuwa na mstari ambao kwa kawaida huachwa wazi, sababu ya kosa la awali. Akaujaza pia. Kisha akakimbia.

Afisa Biashara alikuwa anafunga droo. Alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Sasa hii nifanye nayo nini?" aliuliza. "Suruali ni yako."

"Ni yangu."

"Basi wewe ndiye mteja."

"Aliyeileta ni mke wangu, na malipo anatoa yeye. Suruali si mteja, mama. Nimeandika kila kitu ili usije ukakisikia kwa mtu mwingine."

Afisa alishuka hadi mstari wa mwisho. Hapo Redio alikuwa ameandika: Mkaguzi hakufika. Alipita upande wa pili wa barabara.

"Jumatatu zote tatu?"

"Miaka miwili."

"Kwa nini?"

Redio alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya kiofisi. Aliyaacha.

"Kwa woga," alisema.

Afisa angeweza kumfukuza, na wote wawili walilijua hilo. Badala yake alivuta mhuri, akaupulizia, akagonga. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika nne.

"Kesho tangazo la kosa linabandikwa juu kabisa, kabla ya Matukio," alisema. "Na jina lako kamili. Si Redio. Na kijana wa vifuniko vya simu utamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

"Nitamwambia."

Alirudi mtaa wa soko akitembea. Alipofika fremu ya kumi na tano hakuvuka. Aliufuata ukingo wa mtaro hadi mwisho, akaona kile kipande cha boksi kimefunikwa vumbi, akakifuta kwa kiganja. Akazunguka nyuma. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Fundi alikuwa peke yake na suruali mapajani, lakini hakuwa anashona.

Redio aliweka fomu yenye mhuri mezani. Fundi aliisoma taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya mkasi. Mabega yake yalishuka, akashusha pumzi aliyoizuia tangu Jumatano. Hakusema asante, na Redio hakuitegemea.

"Shemeji," alisema akiwa amesimama. "Siku ile ya kikao niliijua kanuni. Niliijua na namba yake na ukurasa wake. Nilimwogopa baba mkubwa, nikakuacha peke yako, na kaka hajamaliza hata wiki kaburini. Nimekosa. Jumapili nakwenda kwa baba mkubwa kumwambia hivyohivyo."

"Ukamwambie ili iweje? Fremu ninayo."

"Ili alisikie kwangu."

Fundi akaiinua ile suruali, akaigeuza upande wa nyuma, akamwonyesha.

"Unaona mifuko hii?" alisema. "Ukinunua suruali, mfuko mmoja huku, mwingine huku, katikati panaenea kiganja. Tazama sasa. Hapapiti hata vidole viwili. Mara ya kwanza mkeo kuileta ni mwezi mmoja baada ya kumzika mume wangu. Nikapunguza. Akaleta tena. Nikapunguza. Leo ni mara ya nne. Nilikuwa na hasira na wewe, shemeji, hasira haswa. Lakini kila ikiletwa naishika hapa nyuma, najisemea, kumbe na huyu hali. Kumbe simlilii peke yangu."

Redio aliitazama mifuko ile.

"Kitambaa kimekwisha," fundi alisema. "Nikipunguza tena mifuko itakutana. Sipunguzi. Mwambie mkeo kazi hii nimeikataa." Akaikunja suruali, akamtupia kifuani. "Nenda nyumbani ukale. Na ukae chini unapokula."

Redio aliipokea suruali. Akavuta stuli ya karibu na pipa, akaketi palepale, akalia.